Tairi Likivuka Mto: Namna Sheria za Barabarani Zinavyogeuka Jimbo hadi Jimbo Marekani

Familia inahama kutoka Phoenix kwenda Los Angeles. Gari ni dogo, nyuma limefungwa trela la kuazima lililojaa magodoro na masufuria. Ndani ya Arizona, kwenye barabara kuu ya I-10, kibao kinaruhusu maili 75 kwa saa, sawa na kilomita 120, na dereva anakwenda nayo hiyohiyo. Wanavuka daraja la mto Colorado na kuingia Blythe, upande wa California. Lami ni ileile na namba ya barabara ni ileile. Ila daraja likiisha, dereva huyu hatakiwi kuzidi maili 55, yaani kilomita 88, kwa kuwa California imeweka kikomo hicho kwa malori yenye ekseli tatu au zaidi na kwa kila gari linalovuta kitu, hata kama kinachovutwa ni magodoro. Magari madogo yasiyovuta chochote yanampita kwa maili 70 na yamo ndani ya sheria. Punde si punde anakuta kituo cha ukaguzi wa kilimo. Ofisa anamuuliza kama ana matunda, na machungwa waliyonunua asubuhi yanaweza kuishia kwenye pipa kwa hofu ya wadudu wa mashambani.

Kwa aliyejifunzia udereva Afrika Mashariki, hili linachukua muda kuingia kichwani. Kutoka Namanga hadi Tunduma trafiki wote wanasoma kitabu kimoja, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Mombasa hadi Malaba ni Sura ya 403 mwanzo mwisho. Marekani haina kitabu cha namna hiyo. Ina vitabu 50 vya majimbo, kimoja cha Washington DC, na chini yake lundo la kanuni ndogo za miji na kaunti.

Kabla ya kuingia ndani, shika jambo moja. Namna ya kuendesha hufuata sheria ya pale tairi lilipo. Leseni, bamba la namba na bima hufuata sheria ya pale unapolala. Wengi wanaopata matatizo huwa wameyachanganya haya mawili.

Washington haiamuru, inashika pochi

Katiba ya Marekani, katika Rekebisho la Kumi, inasema mamlaka ambayo serikali ya shirikisho haikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kuendesha gari ni mojawapo. Serikali ya shirikisho inapanga gari litengenezwe vipi, yaani mikanda, mifuko ya hewa na taa. Inapanga pia sura ya vibao, ndiyo maana kibao cha kusimama ni chekundu chenye pembe nane kuanzia Maine hadi Hawaii. Na inasimamia malori ya biashara yanayovuka mipaka. Lakini haina uwezo wa kuliambia bunge la jimbo, “Tungeni sheria hii.”

Inachoweza ni kuzuia fedha za barabara. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliamua kwamba jimbo lolote litakaloruhusu walio chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha hizo. South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia bia nyepesi vijana wa miaka 19, ilikwenda mahakamani ikashindwa mwaka 1987 katika Mahakama ya Juu. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamesalimu amri. Mbinu hiyohiyo ilitumika tena kwa kiwango cha kilevi kwenye damu. Sheria ya mwaka 2000 iliyataka majimbo yashuke hadi asilimia 0.08, na kufikia 2004 hapakuwa na jimbo lililosalia nje.

Ukitaka kuona fedha zikikosa nguvu, tazama kofia za pikipiki. Sheria ya usalama wa barabara ya 1966 iliyatishia majimbo kwa fedha, na karibu yote yakalazimisha kofia. Mwaka 1976 Bunge liliondoa tishio hilo. Jimbo moja baada ya jingine likaanza kulegeza. Leo Illinois, Iowa na New Hampshire hazimlazimishi mwendesha pikipiki mtu mzima kuvaa chochote kichwani, ilhali ukivuka kutoka New Hampshire kuingia Massachusetts bila kofia umekwisha vunja sheria.

Kwa hiyo ukikuta jambo linafanana majimbo yote, mara nyingi fedha ya Washington ilipita hapo. Ukikuta linatofautiana, huenda haikupita, au ilipita kidogo mno kumtisha mtu. Mississippi ni mfano wa hili la pili: haina sheria ya jimbo zima inayokataza chupa ya pombe iliyofunguliwa ndani ya gari. Dereva akiwa chini ya 0.08 anaweza kuwa na kopo la bia mkononi, isipokuwa pale mji au kaunti ilipojiwekea katazo lake. Washington ina adhabu kwa majimbo ya namna hiyo, ila fedha hazipotei. Huhamishwa tu kutoka fungu la ujenzi kwenda fungu la usalama. Jirani yake Louisiana inakataza chupa iliyo wazi, lakini ina maduka yanayokuuzia pombe ya barafu kupitia dirishani ukiwa umekaa garini. Kikombe kikiwa na mfuniko na mrija haujachomekwa, kimehesabiwa kimefungwa. Ukichomeka mrija tu, kimefunguka.

Utah nayo ilikwenda kinyume. Tangu tarehe 30 Desemba 2018 kikomo chake ni 0.05. Mtu aliyekuwa halali Wyoming anaweza kukamatwa Utah kwa damu ileile, nusu saa baadaye.

Kukata kulia kwenye taa nyekundu

Hili ndilo linalowachanganya zaidi wanaotoka nchi ambako nyekundu maana yake ni simama hadi iwake kijani. Marekani, ukifika kwenye taa nyekundu unataka kukata kulia, unasimama kabisa nyuma ya mstari, unatazama waenda kwa miguu, unatazama magari yanayotoka kushoto, kukiwa wazi unakata. Majimbo yote 50 yanaruhusu. Majimbo ya magharibi yalikuwa nayo zamani. Kwingine ililetwa na uhaba wa mafuta: baada ya mgogoro wa 1973, sheria ya nishati ya 1975 iliyataka majimbo yanayotaka msaada wa kuokoa nishati yaruhusu jambo hili, ili magari yasiunguze petroli yakisubiri bure. Massachusetts ndiyo iliyokubali mwisho, mwaka 1980.

Sasa sikiliza mitego yake.

New York, jimbo, inaruhusu. New York, jiji, inakataza, isipokuwa penye kibao kinachoruhusu, na vibao hivyo utavikuta zaidi Staten Island. Dereva anayeshuka kutoka Albany anavuka mpaka wa jiji bila hata kuhisi, na kanuni imegeuka kichwa chini: juu huko ruhusa ndiyo kawaida na katazo ndilo linalowekewa kibao, huku chini katazo ndilo kawaida na ruhusa ndiyo inayowekewa kibao.

Mtego wa pili ni mshale. Mshale mwekundu unaoelekea kulia si sawa na taa nyekundu ya mviringo. California, mshale mwekundu ni marufuku: subiri. Jimbo la Washington, lile la Seattle, unaweza kukata kulia hata kwenye mshale mwekundu baada ya kusimama, mradi hakuna kibao cha kukataza. Aliyejifunzia Seattle akihamia San Diego hubeba mazoea yake hadi siku anapokutana na trafiki.

Mtego wa tatu ni kushoto. Majimbo mengi yanaruhusu kukata kushoto kwenye nyekundu ukiwa unatoka barabara ya mwelekeo mmoja kuingia nyingine ya mwelekeo mmoja, kwa kuwa hapo hukatizi magari yanayokuja. New Jersey, North Carolina na Connecticut ni miongoni mwa yanayokataa. Upande wa pili kuna Michigan, Oregon, Idaho, Alaska na jimbo la Washington, ambayo yanakuruhusu hata ukitoka barabara ya pande mbili, alimradi unayoingia ni ya mwelekeo mmoja. Kwa mgeni ushauri ni mwepesi: ruhusa si amri. Hakuna jimbo linalokutoza faini kwa kungoja kijani. Honi za nyuma hazina nguvu ya sheria.

Na taa ya njano? Majimbo mengi huihesabu kuwa onyo tu, ukiingia kwenye makutano ikiwa bado njano huna kosa. New Jersey inasema vingine: njano ni simama, ila kama uko karibu mno kiasi kwamba breki nzuri zisingeweza kukusimamisha salama. Humohumo New Jersey, kwenye baadhi ya barabara kubwa, huwezi kukata kushoto moja kwa moja. Unatoka kwa njia ndogo ya kulia inayozunguka kama mkono wa jagi, kisha unaikatiza barabara uliyokuwa ukiifuata. Ukikaa njia ya kushoto ukingoja kona yako, utaipita, na kona inayofuata iko maili moja mbele. Michigan wana yao: unapita makutano, unageuza gari mbele kwenye ukanda wa katikati, unarudi, unakata kulia.

Mwendo: kosa la faini au kosa la jela

Kuanzia 1974 hadi 1995 Marekani nzima ilikuwa na kikomo cha kitaifa cha maili 55, kilicholegezwa hadi 65 kwenye barabara kuu za mashambani mwaka 1987. Hicho nacho kilitokana na uhaba wa mafuta na kilishikiliwa kwa fedha za barabara. Kilipofutwa, kila jimbo likarudi kwenye tabia yake. Montana ilirudi kwenye kanuni yake ya kale ya mchana: endesha kwa mwendo wa busara na wa kadiri, bila namba. Iliishia mahakamani. Dereva aliyekamatwa akienda maili 85 alihoji angejuaje busara ya trafiki inaishia wapi, na Desemba 1998 Mahakama ya Juu ya Montana ikakubali kwamba sheria hiyo haikueleweka vya kutosha kumtia mtu hatiani. Mwaka 1999 jimbo likaweka namba.

Leo kikomo cha juu kabisa nchini ni maili 85, kilomita 137, kwenye sehemu ya Barabara ya Jimbo 130 huko Texas, kati ya Austin na Seguin. Hawaii haizidi 60 popote.

Lakini namba kwenye kibao ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kinachokupata ukiizidi, na hapa Virginia inastahili kuogopwa. Kuzidi kikomo kwa maili 20, au kupita maili 85 popote pale, si kosa la faini ya kawaida. Ni uendeshaji wa hatari, kosa la jinai la daraja la kwanza, lenye kifungo cha hadi miezi 12 na faini ya hadi dola 2,500. Fanya hesabu: kwenye barabara kuu ya maili 70, ukifika 86 umezidi kwa maili 16 tu, na tayari ni jinai. Kwenye mtaa wa maili 25, mstari huo uko kwenye 45. Mtu haendi jela kila mara, ila rekodi ya jinai inaweza kubaki, na kwa asiye raia anayejaza fomu za uhamiaji, swali la kama amewahi kutiwa hatiani halina kisanduku cha kusema “ilikuwa spidi tu.” Ukiandikiwa shtaka hilo Virginia, usilipe kwa posta ukaendelea na safari. Tafuta wakili wa eneo hilo kabla ya tarehe ya mahakama.

Virginia pia ndilo jimbo pekee linalokataza vifaa vya kunusa rada, vile vinavyomwonya dereva kwamba tochi ya polisi iko mbele. Washington DC inakataza vilevile. Kwenye malori makubwa ya biashara vimekatazwa na sheria ya shirikisho nchi nzima. Programu za simu zinazoonyesha polisi walipo hazimo kwenye katazo hilo.

Kamera nazo zina siasa zake. Texas ilizipiga marufuku kamera za taa nyekundu mwaka 2019. Jiji la New York linazitumia bila haya: notisi ya dola 50 inamwendea mwenye gari, awe alikuwa akiendesha yeye au shemeji yake, na haiingizi pointi za makosa kwenye leseni.

Basi la njano

Kila jimbo linakutaka usimame basi la shule likiwasha taa nyekundu na kufungua mkono wake wa kusimamisha. Ugomvi uko kwa gari linalokuja upande wa pili.

New York: simama hata kama kati yenu kuna ukuta au bustani, angalau futi 20 kutoka kwenye basi. Faini ya kosa la kwanza huanzia dola 250. Ohio: kama barabara ina njia nne au zaidi, wanaotoka upande wa pili wanaendelea, na wanaofuata basi wanasimama angalau futi 10 nyuma yake. Jimbo la Washington linahesabu tatu badala ya nne. Majimbo mengi yanaangalia kama barabara imegawanywa kwa ukuta au ukanda wa majani. Mstari wa njano uliopakwa rangi kwa kawaida si mgawanyo, wala njia ya katikati ya kukatia kushoto. Kwa aliyehama kutoka Columbus kwenda Syracuse, mazoea ya Ohio yanaweza kumgharimu sana siku ya kwanza ya shule. Ukishindwa kukumbuka, simama.

Vitu vinavyosafiri na gari lako

Bamba la namba linafuata jimbo lililosajili gari. Pennsylvania inatoa bamba moja la nyuma, New Jersey inadai mawili. Gari la Pennsylvania halina kosa New Jersey kwa kukosa la mbele. Ohio iliacha la mbele tarehe 1 Julai 2020. New Hampshire huandika kwenye bamba lake kaulimbiu “Ishi huru au ufe,” na mkazi mmoja aliyeziba maneno hayo kwa sababu za dini alifungwa siku 15 kabla Mahakama ya Juu, mwaka 1977, kusema jimbo haliwezi kumlazimisha mtu kutembeza maneno asiyoyaamini.

Vioo vya giza ni shari nyingine, kwa sababu trafiki huvipima kwa sheria ya pale mlipo. Kipimo ni asilimia ya mwanga unaopita. Florida inaruhusu madirisha ya mbele yapitishe asilimia 28, Texas 25. New York na California zinataka 70. Kioo cha kiwandani chenyewe, kabla ya kubandikwa kitu, hupitisha mwanga kwa kiwango kisicho juu sana ya 70, kwa hiyo hata karatasi nyepesi mno inaweza kukushusha chini ya mstari. New York hupima vioo hivi kwenye ukaguzi wa kila mwaka tangu 2017. Gari la Orlando likihamia Buffalo, kazi ya kwanza ni kubandua.

Ukaguzi wenyewe: Texas ilifuta ukaguzi wa usalama wa magari ya kawaida kuanzia Januari 2025, ukabaki wa moshi kwenye kaunti za miji mikubwa, na ada ndogo ya dola 7.50 ikaendelea kukusanywa kwa jina jipya. Virginia bado inakagua kila mwaka. Minnesota na Michigan hazikagui.

Mkanda, kwa kifupi: New York ilikuwa ya kwanza kuulazimisha, mwaka 1984. New Hampshire haimlazimishi mtu mzima hadi leo, ila aliye chini ya miaka 18 lazima afunge. Ohio ni kosa, lakini trafiki hawezi kukusimamisha kwa hilo peke yake. Lazima awe amekuona na kosa jingine.

Taa: New York, New Jersey, California, Illinois na Pennsylvania zinataka taa za mbele ziwake kila waipa zinapofanya kazi. Taa ndogo za mchana zinazojiwasha zenyewe hazitoshi, kwa sababu kwenye magari mengi haziwashi taa za nyuma, na kwenye mvua anayekufuata haoni kitu.

Simu: Pennsylvania imekataza kuishika mkononi tangu Juni 2025. Texas inakataza kuandika ujumbe, lakini nje ya maeneo ya shule haikukatazi kuiweka sikioni. Isipokuwa umeingia Austin, ambako jiji lina katazo lake tangu 2015. Hapo ndipo kanuni za miji zinapouma, kwa kuwa mpaka wa mji hauonekani kama mpaka wa jimbo.

Bima na asilimia moja ya makosa

Watu huuliza kama bima ya Texas inafaa Florida. Inafaa. Bima nyingi za magari zina kifungu kinachokupandisha hadi kiwango cha chini cha jimbo ulilomo ukipata ajali huko. Tofauti iko kwenye kile ulichokuta kwa mwenzako aliyekugonga.

Texas inamlazimisha kila dereva awe na dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. North Carolina ilipanda hadi 50,000, 100,000 na 50,000 kuanzia Julai 2025. Florida inadai dola 10,000 za matibabu yako mwenyewe na 10,000 za mali ya mwingine, na haimdai dereva wa kawaida bima ya kuwalipa aliowajeruhi. New Hampshire haidai bima kabisa, ingawa ukisababisha ajali deni ni lako. Virginia ilikuwa ikikuuzia haki ya kutembea bila bima kwa dola 500 kwa mwaka, mpango uliofutwa Julai 2024. Ndiyo maana anayeishi au kupita Florida mara kwa mara anafanya vema kununua kinga dhidi ya dereva asiye na bima, ijapokuwa si lazima.

Kisha kuna kanuni ambayo haipo kwenye kibao chochote wala kwenye mtihani wa leseni. Majimbo mengi hugawa makosa: ukiwa na kosa la asilimia 20, fidia yako inapungua kwa asilimia 20. Alabama, Maryland, North Carolina, Virginia na, kwa madereva, Washington DC, bado zinafuata kanuni ya kale ya Uingereza kwamba ukichangia ajali hata kwa asilimia moja, hupati kitu. Aliyekugonga alikuwa amepita taa nyekundu, lakini wewe ulikuwa umezidi kikomo kwa maili nne. Kampuni yake ya bima itazishika hizo maili nne kwa mikono miwili. Katika maeneo hayo, maneno ya “samahani, sikukuona” yanayotoka mdomoni kwa adabu pale kwenye ajali yanaweza kuandikwa kama ungamo. Salimia, uliza kama kuna aliyeumia, piga simu polisi, piga picha za vibao na mistari ya barabara, badilishaneni taarifa za bima. Adabu nyingine iache hadi nyumbani.

Tiketi inakufuata nyumbani, au haifuati

Majimbo mengi yamefunga mapatano mawili. La kwanza hupeleka habari ya kosa lako kwenye jimbo lililokupa leseni, lililo huru kulihesabu kana kwamba ulilifanya kwao. La pili linasema ukipuuza tiketi ya jimbo jingine, jimbo lako litasimamisha leseni. Michigan na Wisconsin hazimo katika lolote kati ya hayo mawili, na California haimo katika la pili. Hilo halikupi kinga. Jimbo ulikokosea linaweza kukufungia haki ya kuendesha humo, na taarifa hiyo hukaa kwenye rejista ya kitaifa ambayo kila ofisi ya leseni huifungua kabla ya kukupa leseni mpya. Yapo maajabu pia: New York haiweki pointi kwa makosa ya mwendo uliyoyafanya majimbo mengine, ila huyahesabu uliyoyafanya Ontario na Quebec, ambako ni Kanada.

Kwa anayehama, saa inaanza kugonga siku ya kuwa mkazi. California inakupa siku 10 kubadili leseni. New York na Ohio siku 30. Minnesota 60. Texas 90 kwa leseni, lakini 30 kwa usajili wa gari. Mwanafunzi au mgeni wa muda huhesabiwa tofauti, na kila jimbo lina tafsiri yake ya ukazi. Mkataba wa nyumba, kazi na shule ya watoto ndivyo vinavyotazamwa zaidi.

Kuhusu mzigo wa garini, neno moja kwa wale wanaodhani halali ya jimbo moja inavuka mpaka. Bangi iliyonunuliwa dukani Colorado ni kosa mara tu gari linapoingia Kansas, na kuivusha mpaka wowote wa jimbo ni kosa la shirikisho hata kama pande zote mbili zinairuhusu. Miraa haina jimbo la kukimbilia: kemikali iliyomo kwenye majani mabichi, kathinoni, iko kwenye daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa na serikali ya shirikisho tangu 1993.

Mambo ya kweli na mambo ya vijiweni

New Jersey imekataza mteja kujijazia petroli tangu 1949. Unakaa garini, mhudumu anakuja, kama ilivyo kwenye sheli za kwetu. Kisingizio kilikuwa hatari ya moto, lakini wenye vituo walikuwa pia wakimkimbia mpinzani aliyefungua pampu za kujihudumia na kushusha bei. Ukijijazia, anayetozwa ni kituo. Oregon ilikuwa na katazo kama hilo tangu 1951. Ilianza kulegeza mashambani, na Agosti 2023 ikaruhusu hadi nusu ya pampu za kituo ziwe za kujihudumia, kwa bei ileile. New Jersey imebaki peke yake. Katika kaunti yake ya Bergen, mbele ya New York ng'ambo ya mto Hudson, Jumapili huwezi kununua shati wala friji. Maduka makubwa ya Paramus yanafungwa, na wakazi wengi wanaipenda kanuni hiyo kwa kuwa ndiyo siku pekee barabara zao zinapitika.

Kwa upande mwingine, zile orodha za “sheria za ajabu za Marekani” zinazosambaa kwenye simu zimejaa uzushi. Kuendesha pekupeku si kosa katika jimbo lolote. Hakuna jimbo lililokataza kuwasha taa ya ndani ya gari usiku. Wazazi ndio walioitunga hiyo. Rozari au tasbihi kwenye kioo cha mbele ni habari nyingine. Katika majimbo mengi kitu kinachoziba uoni ni kosa la kweli, na kwa miaka mingi kimekuwa sababu rahisi ya kumsimamisha mtu. Illinois iliona hivyo, na tangu Januari 2024 trafiki wake hawaruhusiwi kukusimamisha kwa hilo tu.

Kwa madereva wa malori, uzito una hadithi yake. Kwenye barabara kuu za shirikisho kikomo cha kawaida ni pauni 80,000, karibu tani 36, chini kabisa ya tani 56 za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Michigan, kwa haki iliyoilinda tangu zamani, inaruhusu pauni 164,000, zaidi ya tani 74, mradi uzigawe kwenye ekseli 11. Mzigo huo ukifika mpaka wa Indiana unahitaji kibali kingine.

Na kwa anayetamani kuendesha kushoto kama Dar es Salaam au Nairobi bila kutoka chini ya bendera ya Marekani, mahali papo: Visiwa vya Virgin vya Marekani, katika Karibea. Huko magari hukaa kushoto mwa barabara tangu enzi za Wadenmaki. Ila magari yenyewe huletwa kutoka bara, usukani ukiwa kushoto, hivyo dereva hukaa upande wa mtaro, na akitaka kuovateki lori hana budi kumuuliza abiria wake kama mbele kuko wazi.